Mapumziko ya saa nne yamekatwa ili watoto wajiandae na mtihani. Niseme nini shuleni?

"Daktari, shikamoo. Nina binti wa miaka tisa na nusu, yuko darasa la nne katika shule ya binafsi hapa Dodoma. Tangu muhula huu uanze, shule imepunguza mapumziko ya saa nne kutoka nusu saa hadi dakika kumi ili wapate muda zaidi wa kujiandaa na upimaji wa Oktoba. Kipindi cha michezo cha Ijumaa nacho kimegeuzwa hisabati. Asiyemaliza kazi haruhusiwi kutoka kabisa, na binti yangu ni miongoni mwa wanaobaki karibu kila siku. Mwalimu analalamika kwamba hatulii, anachezea kalamu na kuongea na wenzake. Nyumbani anafika saa kumi na moja jioni, amechoka lakini hakai. Mume wangu anaona shule imefanya vizuri, mtoto atacheza akishamaliza mtihani. Mama mkwe anasema mtoto wa kike akirukaruka sana ataharibu kizazi. Mimi mwenyewe nimekwama katikati, kwa sababu kipindi hiki cha upepo na vumbi akikimbia anakohoa, hadi nikawaza labda heri abaki darasani. Je, niende kuongea na shule au niache? Na nikimpeleka kucheza kila Jumamosi, itafidia?"

Marahaba, mama. Nianze na jibu fupi, maana muhula unakwenda. Ndiyo, nenda shuleni, na ikiwezekana nenda wiki hii. Jumamosi mpeleke akacheze, ila usiichukulie kuwa fidia ya siku tano za kukaa. Kikohozi ni jambo la peke yake, kinahitaji kupimwa, na hakitoshi kuwa sababu ya kumfungia mtoto darasani.

Nichukue kwanza hoja ya mume wako, kwa sababu ndiyo hoja ya shule pia, na ina uzito. Kwenye karatasi hesabu inakubali: dakika 20 kwa siku, mara siku tano, ni dakika 100 kwa wiki, sawa na vipindi viwili na nusu vya dakika 40. Mzazi aliyelipa ada akiambiwa mwanawe ameongezewa vipindi viwili na nusu kwa wiki, atashukuru. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama akili ya mtoto ingefanya kazi ileile kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana bila kupungua. Haifanyi hivyo, hata kwa mtu mzima.

Uwezo wa kutulia, kufuata maelezo, kukumbuka tarakimu huku unatafuta jibu, na kujizuia usimwambie jirani jambo lililokujia kichwani, unategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo inaendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka ishirini. Kwa mtoto wa darasa la nne bado ni changa na inachoka mapema. Waliokulia vijijini huku kwetu wanavijua visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka: unachota kata kadhaa, maji yanaisha, unakaa pembeni kidogo yanajichuja tena. Ukiendelea kuchota bila kusubiri unapata tope. Umakini wa mtoto ndivyo ulivyo. Kuchezea kalamu na kuongea unakoambiwa ni utundu, mara nyingi ndiyo dalili kwamba ameshafika kwenye tope.

Akitoka nje akakimbia, mambo kadhaa yanatokea kwa pamoja. Moyo unaongeza kasi na damu inakwenda kwa wingi zaidi. Mwili unatoa adrenalini, na ndani ya ubongo noradrenalini na dopamini zinapanda. Hizi mbili za mwisho ndizo hasa zinazolengwa na dawa tunazowapa watoto wenye tatizo kubwa la umakini, kwa hiyo usishangae mtoto akirudi kutoka kukimbia akiwa ametulia kuliko alivyotoka. Misuli inapofanya kazi, mwili pia unaongeza protini zinazosaidia chembe za ubongo kukua na kuunganishwa. Na wakati huohuo ile sehemu ya mbele iliyokuwa imebanwa na kazi ya kukaa kimya inapumzika, na alichofundishwa kipindi kilichopita kinapata nafasi ya kukaa mahali pake kabla hajamwagiwa kingine.

Haya yamepimwa. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani waliwachukua watoto wa wastani wa miaka tisa na nusu, umri wa binti yako hasa. Siku moja waliwatembeza kwa mwendo wa haraka kwa dakika 20 kwenye mashine, siku nyingine wakawaacha wakae tu. Baada ya kutembea, watoto walijibu kwa usahihi zaidi jaribio la umakini na walifanya vizuri zaidi katika ufahamu wa kusoma. Walikuwa watoto 20 tu, kwa hiyo peke yake utafiti huo si wa kuapia. Mwaka huohuo ulitoka mwingine mkubwa, pia wa Marekani, wa watoto wapatao 11,000 wa miaka minane na tisa. Walimu waliwapa alama bora za tabia darasani watoto waliokuwa na mapumziko ya angalau dakika 15 kila siku. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mapumziko peke yake ndiyo yaliyoleta tabia njema, kwa sababu shule zenye mapumziko zinaweza kuwa na mambo mengine mazuri pia. Lakini ukiyaweka haya pamoja na ninayoyaona kliniki kila msimu wa mitihani, watoto wenye kuumwa kichwa na tumbo ambao kila kipimo chao ni safi, mimi sina shaka kuhusu upande wa kuegemea.

Nisikuahidi kisichokuwepo. Kurudishiwa mapumziko hakutampandisha binti yako kutoka wastani wa C hadi A. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba muda wa kucheza na mazoezi ukiwekwa ndani ya siku ya shule, kwa kawaida maksi hazishuki, na umakini na tabia darasani mara nyingi huwa bora. Ufini, nchi ambayo walimu wengi duniani wanaitolea mfano, kwa kawaida mtoto hufundishwa dakika 45 kisha hutoka nje dakika 15, siku nzima, hata kwenye baridi ya theluji.

Jambo linaloniudhi zaidi katika barua yako si hata kile kipindi cha ziada. Ni kwamba asiyemaliza kazi anazuiwa kutoka. Fikiria ni watoto gani wanaobaki: wale ambao umakini wao unachoka mapema kuliko wa wenzao. Yaani anayehitaji mapumziko kuliko wote ndiye anayenyimwa, anaingia kipindi kinachofuata akiwa amechoka zaidi, anashindwa kumaliza tena, na kesho anabaki tena. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2013 kwamba mapumziko yasinyang'anywe kwa sababu ya adhabu wala ya masomo, na mimi nauunga mkono bila kusitasita. Hapa kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja haki ya mtoto kucheza na kupumzika, na Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto ambao kifungu chake cha 31 kinasema vivyo hivyo. Sikushauri uende shuleni na sheria mkononi kama unakwenda mahakamani. Ijue tu, ili mtu asikufanye uone kwamba unaomba upendeleo.

Zingatia pia dakika kumi zenyewe ni ngapi. Mtoto anatoka, anapanga foleni ya choo, anapanga foleni ya uji au andazi, anameza haraka, kengele inalia. Hapo hakuna mchezo uliobaki. Dakika kumi za namna hiyo ni muda wa chai, tusiuite mapumziko.

Kipindi cha michezo nacho ni kitu kingine, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Kwenye kipindi mwalimu ndiye anayeongoza, watoto wanajifunza kurusha, kudaka, kukimbia vizuri. Somo la Sanaa na Michezo limo kwenye mtaala, halikuwekwa kama kipindi cha akiba cha kuazima. Kwenye mapumziko watoto wanajiongoza wenyewe, na huko ndiko kuna shule nyingine kabisa. Watazame wasichana wakicheza rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, mmoja yuko katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Anapiga hesabu ya muda, anaangalia mbele na nyuma, anaamua ainame au aruke. Kisha linazuka: "Umeguswa!" "Sijaguswa!" Hakuna mwalimu. Inabidi wasikilizane la sivyo mchezo unakufa, na wote wanataka mchezo uendelee. Kukubali umetolewa huku moyo unauma, kungoja zamu yako, kumshawishi mkali wa kundi bila kupigana, ndiko kujizuia kulekule ambako mwalimu anakutaka darasani. Kombolela na kuruka kamba vina mafunzo hayohayo. Sijui karatasi ya mazoezi inayofundisha hilo.

Kwa mji wetu ulivyo sasa, hili lina uzito zaidi ya zamani. Dodoma imejaa haraka tangu serikali ihamie. Viwanja vilivyokuwa wazi Kisasa, Ilazo, Nzuguni na kwingineko vimejengwa, nyumba zina kuta na mageti, barabarani bodaboda haziangalii mtoto. Watoto wengi wanatoka kwenye basi la shule wanaingia ndani ya geti, na huko mwenzao ni runinga au simu ya mama. Kwa mtoto kama huyo uwanja wa shule ndiyo sehemu pekee anapokutana na wenzake kucheza. Ukiufunga huo, hana pengine.

Sasa la mama mkwe, na nakuomba umwelezee kwa upole kwa sababu ana nia njema. Kuruka hakuharibu kizazi. Mfuko wa uzazi wa mtoto wa umri huo ni mdogo sana, umekaa ndani kabisa ya nyonga, umeshikiliwa na kano na misuli ya sakafu ya nyonga. Kushuka kizazi tunakoona kwa wanawake kunatokana hasa na kuzaa, hasa kuzaa mara nyingi au kwa shida, na umri, na kukohoa au kujikamua kwa muda mrefu. Kamba haimo.

Kwa kweli kwa msichana mambo ni kinyume na hofu hiyo. Miaka ya kabla ya kuvunja ungo na inayoizunguka ndiyo mifupa inapojijenga kwa kasi kuliko wakati wowote wa maisha, na mfupa hujijenga pale unapogongwa kidogo na uzito wa mwili. Mwaka 2001, huko Oregon nchini Marekani, watoto wa umri kama wa binti yako na wadogo zaidi waliruka kutoka juu ya boksi la sentimita 61, mara 100, siku tatu kwa wiki, kwa miezi saba. Mifupa yao ya nyonga na uti wa mgongo iliongezeka madini kuliko ya wenzao waliokuwa wakinyoosha viungo tu. Mabibi wanaovunjika nyonga kwa kuteleza bafuni wengi wao ni wanawake. Akiba ya kuwazuia wasivunjike inawekwa utotoni, na kuruka kamba ni njia mojawapo ya kuiweka bila gharama. Nasikitika ninapoona, kadiri msichana anavyokua, anaambiwa atulie kama mtoto wa kike huku kaka yake yuko chandimu.

Je, Jumamosi inatosha? Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazopandisha mapigo ya moyo, na angalau siku tatu kwa wiki ziwepo zile za nguvu zaidi zinazoimarisha misuli na mifupa. Saa tatu za Jumamosi pale bustani ya Chinangali ni nzuri kwa moyo wake na kwa furaha yake, endelea nazo. Ila hazimsaidii Jumanne saa tano asubuhi akiwa kwenye hesabu za sehemu, kwa sababu athari ya mchezo kwenye umakini ni ya muda mfupi na inabidi irudiwe kila siku. Akifika nyumbani saa kumi na moja, mpe nusu saa ya kukimbia uani au na watoto wa jirani kabla ya kufungua daftari. Ule uchovu wa kutokukaa unaouona unatokana na kukaa, na hautaondoka kwa kumkalisha tena.

Nije kwenye kikohozi. Vumbi la Dodoma tunalijua, kuanzia Juni upepo unapovuma mpaka mvua za Desemba. Vumbi linaweza kuwasha njia za hewa kwa mtoto yeyote, na akikohoa mara mbili tatu uwanjani akaacha, hilo halinisumbui. Lakini kuna watoto ambao kikohozi kinaanza wakati wa kukimbia au dakika chache baada ya kusimama, kinakuja na kubanwa kifua au mlio wa filimbi, na usiku wa manane kinarudi. Hiyo inaweza kuwa pumu. Mtoto anapohema kwa nguvu hewa kavu na ya baridi, kama ya asubuhi zetu za Julai, njia zake za hewa zinakauka na kwa mwenye pumu misuli inayozizunguka inajikaza. Watu wanadhani dawa ni kumzuia asikimbie. Dawa ni kuitibu pumu ili akimbie. Mtoto aliyetibiwa vizuri kwa dawa ya kuvuta, anayeanza kwa kutembea na mbio za polepole kabla ya mbio kali, anacheza kama wenzake. Tena mwenye pumu anayekaa tu anapoteza pumzi, na siku akilazimika kukimbia anabanwa zaidi.

Kwa hiyo mpeleke akapimwe, kituo cha afya kwanza au hospitali ya rufaa ya mkoa. Usisubiri kabisa kama kikohozi kimezidi wiki mbili, au kuna homa za jioni, jasho la usiku au anapungua uzito, kwa sababu hapo lazima kifua kikuu kitafutwe. Na mtoto yeyote anayezimia katikati ya kukimbia, anayepata maumivu ya kifua, midomo kuwa ya bluu, au kushindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, aachishwe michezo siku hiyo hiyo na apelekwe hospitali. Moyo wake uangaliwe kabla hajarudi uwanjani. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, anacheza pia, ila kwa mpango wa daktari wake, maji mara kwa mara na ruhusa ya kupumzika anapochoka. Wengine wote wanahitaji vitu vidogo: kivuli, maji ya kunywa hasa Oktoba na Novemba joto linapokuwa kali, na kunawa mikono na uso wakirudi, jambo ambalo katika mkoa uliopambana na trakoma kama wetu, Kongwa hasa, lina maana ya macho yao pia.

Ukienda shuleni, anza kwa mwalimu wa darasa kabla ya mwalimu mkuu, na uende na mzazi mwingine mmoja au wawili. Usifungue kwa lawama. Walimu nao wanabanwa na matokeo, na wanajua wazazi hao hao watakuja juu Januari maksi zikishuka. Omba mambo mawili tu. La kwanza, mapumziko ya nusu saa yarudi, au angalau dakika 20 zilizo wazi mbali na muda wa chai. Kama ratiba imekaza kweli, hata dakika tano za kusimama na kuruka katikati ya vipindi viwili ni bora kuliko kukaa mfululizo. La pili, kazi isiyokwisha imaliziwe kwa njia nyingine, nyumbani au mwisho wa siku, lakini asizuiwe kutoka. Ukipewa moja tu, chukua la pili. Wapendekezee wajaribu kwa wiki tatu na mwalimu aandike nani anamaliza kazi baada ya mapumziko na nani hamalizi. Mwalimu ataamini daftari lake kuliko maneno yangu.

Mwisho, ule utovu wa utulivu wenyewe. Kabla ya kuuita utundu au kuuita ugonjwa, angalia usingizi. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Kama basi linampitia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na analala saa nne usiku akimaliza kazi za nyumbani, hapo tayari kuna jibu kubwa. Angalia pia kama anaona ubao vizuri na anasikia akiitwa kutoka nyuma, na apimwe wingi wa damu na minyoo. Ikiwa mapumziko yamerudi, analala vya kutosha, na bado baada ya miezi miwili hawezi kutulia shuleni wala nyumbani wala kanisani au madrasa, hata kwenye jambo analolipenda, mlete kliniki ya watoto. Uje na madaftari yake mawili matatu na maelezo ya mwalimu kwa maandishi. Na kuhusu kikohozi, siku akikohoa baada ya kukimbia mrekodi video fupi kwenye simu uje nayo, kwa sababu watoto wengi wakifika mbele ya daktari kifua kinakuwa kimeshatulia.